Mwaka Tulipoiunda Pegasus Doornfontein

Tulipomzika Papa Kalenga, watu wa kanisa lake walinipa nafasi ya kusema maneno machache. Mimi, Mwislamu pekee katika ukumbi ule wa Yeoville, nikasimama na kusema yale yanayosemwa siku zote: kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba alinitendea kama mwanawe, kwamba Mungu ampe pumziko. Nikarudi kukaa, watu wakaitikia, kwaya ikaendelea. Lakini wallahi nilichotaka kuwaambia ni habari ya mizinga. Nilitaka wajue kuwa mzee yule aliyelala pale mbele, amevaa tai ambayo hakuwahi kuivaa akiwa hai, alikuwa amekaa nami mwaka mzima katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili huko Doornfontein, Johannesburg, akiunda manowari ya Kiingereza kutoka mkia hadi pua, yeye ambaye bahari alikuwa hajaiona. Nilitaka wacheke. Nimekaa na hamu hiyo tangu siku ile, haitulii, na mtu mwenye jambo lisilotulia dawa yake ni kulisema.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya fundi magodoro. Ukipanda ngazi ulipokewa kwanza na harufu ya sponji, halafu ya gundi, halafu, ikikaribia saa saba mchana, ya sombe, yale majani ya muhogo ambayo Papa Kalenga aliyachemsha katika sufuria iliyokaa jiko moja na kopo la gundi. Nilimwonya mara nyingi kuwa iko siku tutakula gundi. Alikuwa mtu wa Lubumbashi. Kule kwao alikuwa akichonga kalibu za mbao katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, na alipofika Johannesburg akajikuta anaunda mashine ndogondogo za mfano, winchi na mabehewa ya migodini, ambazo makampuni yaliziweka katika kabati za vioo ili wageni wazione. Siku ya kwanza nilikwenda pale nimetumwa na shangazi kutengenezewa vining'inizo vya mabuibui ya dukani kwake Mayfair. Nikaona mchoro mkubwa umebanwa ukutani, na bila ya kuombwa nikaanza kuusoma, maana nyumbani Unguja nilikuwa nimesomea uchoraji wa ufundi: hapa meli imekatwa ubavu, hapa unaitazama kwa juu, hapa ni nyuma. Papa Kalenga aliacha randa yake.

"Weye mutoto, unasoma ile plani?"

"Naisoma, baba."

"Mi niko naiangalia tangu juma liliopita," akasema. "Niliiweka kichwa chini."

Kweli alikuwa ameibandika juu chini. Tuliigeuza pamoja, nikaona jina lililoandikwa pembeni kwa herufi za zamani, mwili ukanisisimka. Pegasus! Sisi watu wa Unguja hakuna asiyeijua meli hiyo. Ndiyo manowari iliyopigwa na Mjerumani bandarini kwetu, mbele ya mji, katika vita vikuu vya kwanza, na wanamaji wake waliokufa wamezikwa kwenye kisiwa kidogo ambacho sasa watalii wanakwenda kuota jua. Nikamwambia yote hayo kwa pumzi moja, pale pale, huku vining'inizo vya shangazi nimevisahau. Ninapokumbuka leo naona kuwa sikuomba kazi. Nilianza kuifanya tu, na yeye akaniwekea sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe, na tukala tukiutazama ukuta.

Aliyeagiza meli ile alikuwa bibi mmoja wa Kensington ya hapa Johannesburg, tukimwita Bi Nora. Umri umekwenda na macho yamekwisha, anaona mwanga na kivuli basi. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa boila ndani ya Pegasus. Alinusurika, vita vikaisha, akarudi Afrika Kusini kuoa na kuzeeka. Bi Nora alitaka meli ya baba yake, si ya kuitazama bali ya kuishika, na kwa hiyo ilitakiwa iwe kubwa: kila mita ya meli ya kweli iwe sentimita mbili zetu, ikawa na urefu wa kitanda. Siku alipokuja kuagiza alimwambia Papa Kalenga kuwa watu wa miji wanamlaghai kwa sababu haoni. "Vidole vyangu havilaghaiki," alisema. "Nikikuta kitu hakipo mahali pake, nitawaachia meli yenu."

Sasa niseme kilichokuwa kimewekwa rehani, maana bila ya hicho hadithi hii ni ya mbao na gundi tu. Shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, ndiye aliyenileta Johannesburg, na hakunileta nije kuchonga merikebu. Alikuwa anafungua duka la pili Diepsloot, akataka mtu wa damu yake alisimamie. Nilipomwambia ninataka kujifunza kazi kwa Papa Kalenga alikunja khanga za dukani, akazikunjua, akazikunja tena. Mwisho akasema, "Mwaka mmoja, Saada. Nitamweka mtu wa kushika shika pale Diepsloot. Mwaka ukisha, nisisikie habari ya msumeno. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Na Papa Kalenga naye alikuwa na sharti lake, alilolitoa katika kile kiwanda chao. Kule mwanafunzi hafuzu kwa kusifiwa na mwalimu. Anapewa kazi moja iwe yake, anaifikisha mbele ya aliyeiagiza, na anasimama pale mwenyewe, mwalimu amefunga mdomo. "Mwenye kuagiza akiipokea, weye njo fundi," alinieleza; njo ya kwao ni ndiyo yetu. "Akiirudisha, unarudia fagio mwaka mwingine." Mimi mwaka mwingine sikuwa nao. Kwa hiyo meli ile ikipokewa nabaki, ikirudishwa nakwenda Diepsloot kupima vitambaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na sikuwahi kukitaka kitu kama nilivyotaka kubaki katika kile chumba chenye harufu ya sponji.

Basi tukaanza. Sijui namna ya kueleza furaha ya miezi ile kwa mtu ambaye hajaunda kitu kikubwa kidogo kidogo. Watu husema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini anayesema hajui ni mbavu ngapi zimo mle ndani. Kila asubuhi nilikuwa napanda zile ngazi mbio. Nilisoma habari zake maktaba ya mjini, nikawa namsimulia Papa Kalenga wakati tukipiga msasa. Nikamwambia kuwa Pegasus ilishushwa majini Uingereza mwishoni mwa karne ile ya kumi na tisa, na kwamba ilikuwa na ndugu kumi, wote wamepewa majina yanayoanzia herufi moja, na wakubwa wao waliwatia boila za aina mbalimbali, kama mtu anayeonja michuzi ili ajue upi wa kupika arusini. Boila hizo ziliwasumbua maisha yao yote. Nikamwambia ilivyozunguka hadi Australia, ilivyoletwa hatimaye Simonstown, hapa hapa Afrika Kusini, na vita vilipoanza ikapelekwa pwani yetu ikiwa tayari mzee wa kazi. Alikuwa akisikiliza na penseli sikioni. Hapo ninapofika kwenye boila mbovu alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama aliyesikia habari ya mgonjwa.

Kilichompendeza kuliko vyote ni umbo la ndani. Manowari za aina ile hazikuvishwa chuma kinene ubavuni, maana zingekuwa nzito na za gharama. Badala yake zilitiwa sitaha ya chuma ndani, chini kidogo ya pale panapoonekana, imebinuka katikati na kushuka pembeni mfano wa mgongo wa kobe. Chini yake ndiko zilikokaa boila, injini na baruti. Pembeni yakajazwa makaa ya mawe, yakawa ngao pia. Juu yake palikuwa na watu. Papa Kalenga aliponielewa aliweka tupa chini.

"Kumbe mashini njo walificha," akasema. "Bantu wakaacha inje."

"Ndivyo."

"Hii meli iliundwa na mukubwa wa mugodi, mi nakuambia."

Na akaamua kuwa ile sitaha ya ndani lazima tuiunde, kwa shaba ya kufua, ijapokuwa tukishafunika juu hakuna atakayeiona. Ilituchukua wiki nyingi. Shangazi alikuja siku moja kunichungulia, akakuta tunakunja bamba kwa nyundo ya mbao, akauliza kazi hiyo itaonwa na nani. Nikamjibu haitaonwa. Akatazama huku na huku, akaona sufuria, akaifunua, akanusa, akauliza ndiyo chakula changu hicho kila siku. Kuanzia wiki ile alikuwa akinituma na bakuli la wali na mchuzi wa samaki, limefungwa kitambaa, na Papa Kalenga alikuwa akilisubiri kuliko mimi.

Tulipofika kwenye mizinga tukakwama. Mchoro wetu ulionyesha mahali pake: miwili mbele, miwili nyuma, minne ubavuni. Lakini umbo lake ulichora duara tupu, na Bi Nora alikwishatwambia juu ya vidole vyake. Hapo Papa Kalenga akakumbuka. Siku aliyokwenda Pretoria kufuatilia makaratasi yake ya ukimbizi, alipita kwenye majengo makubwa ya serikali kule juu kilimani na akaona mzinga wa zamani bustanini. Mlinzi mmoja alimwambia umetoka kwenye meli ya vita, kule Afrika Mashariki.

Niliruka, nusura nipindue kopo la gundi. Nilikuwa nimesoma kuwa Waingereza waliiopoa mizinga ya Pegasus kutoka kwenye maji, wakaitia magurudumu, wakapigana nayo barani. Na askari wa Afrika Kusini walikwenda kupigana Tanganyika, kila mtu anajua. Hesabu ikajikamilisha kichwani mwangu. "Ni wetu huo," nikasema. "Ni wa Pegasus, baba, hauna mwingine."

"Weye wa Zanzibar," akajibu Papa Kalenga kwa heshima zote. "Weye njo unajua."

Nikiyatazama hayo leo nacheka peke yangu. Mkongo akikutana na mwenye habari ya kwao humwachia habari yake, ni adabu. Na sisi watu wa Unguja jambo la kwetu hatuliulizi, tunalieleza. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, lakini nani amewahi kumsikia Mzanzibari akiuliza habari ya Zanzibar? Kati ya adabu yake na kiburi changu tukapanda treni ya Pretoria tukiwa na futi ya kushonea ya shangazi, karatasi, na donge la udongo wa mfinyanzi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa siku tamu. Jua la Agosti, nyasi zimekauka, mji wote uko chini yetu, na mzinga umetulia pale umeelekeza mdomo mbele kama haujui kuwa vita vimekwisha. Nikaupima kuanzia mdomo hadi kitako. Papa Kalenga akakandika udongo wake nyuma, mahali pa kutilia kombora, penye bonge la chuma linaloteleza kwa upande kama droo la kabati, akachukua umbo lake lote. Mlinzi akaja, mikono nyuma, akatutazama.

"Eish," akasema, "mnaushonea suti?"

Tulicheka naye, tukamgawia sambusa, akatuachia tumalize. Kama palikuwa na kibao cha maelezo mahali pale, sikukitafuta.

Mizinga minane tuliimimina kwa shaba ya njano katika kalibu za mchanga, na ilipotoka na kupigwa tupa ilikuwa mizuri hata nikashindwa kuacha kuishika. Kila mmoja ulizunguka kwenye kiti chake. Kila mmoja ulikuwa na droo lake nyuma, dogo kama ukucha, linafunguka na kufungwa. Tuliikaza mahali pake, nikarudi nyuma kuitazama meli nzima: dohani mbili, milingoti miwili, mashua zimening'inia, rangi ya kijivu imekauka. Nikajiona nimeshafuzu. Tukampelekea habari Bi Nora kuwa Jumatatu aje.

Ijumaa yake nikaenda kula kwa shangazi. Baada ya sala watu wa kwetu walikuwa wanapenda kupitia nyuma ya duka lake, mahali palipotandikwa mkeka katikati ya mabunda ya vitambaa, na siku ile alikuwepo Athumani, mfanyabiashara wa Mombasa, kijana wa maneno mengi, ambaye shangazi alimpenda kwa sababu anasifu pilau kabla ya kulionja. Nikawa nawahadithia mizinga. Nimeshika tonge mkono mmoja, mwingine unaonyesha jinsi droo linavyoteleza. Athumani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada Saada," akasema, "huo mzinga wa droo si wa Mngereza. Huo ni wa Mjerumani."

"Nani kakwambia?"

"Nimeukalia. Sisi twalikuwa tukitoka chuoni twaenda Ngomeni, ile ngome ya Mreno, iko miwili kule, imewekwa pamoja. Mmoja wa hiyo Pegasus yako, mmoja wa meli iliyoizamisha. Nyuma haifanani. Wa Mjerumani wateleza, mimi huu ulinibana kidole." Akanyoosha kidole chenye kovu. "Wa Mngereza wafunguka kama mlango, una bawaba, na kizibo chake kina hesi za kuzungusha."

Tonge nililirudisha sahanini. Nilikwisha kusoma kuwa meli ile ya Mjerumani, Königsberg, ilikwenda kujificha kwenye mito ya Rufiji, ikaharibiwa kule, na wenyewe wakaing'oa mizinga yake na kuikokota bara kupigana. Nilikuwa nayo habari hiyo muda wote, mkononi. Mzinga wa Pretoria ulikuwa nyara. Tulikuwa tumeipandishia Pegasus, kwa mikono yetu na kwa mapenzi yetu yote, mizinga ya adui aliyeiua. Shangazi aliniuliza kama pilau lina kasoro. Nikasimama nikavaa viatu, na Athumani akanifuata na kipande cha mnofu mkononi, akisema kama ni kuchora yeye anaweza kuchora.

Papa Kalenga alitusikiliza akiwa amekaa juu ya benchi. Kwanza alifunika uso kwa viganja viwili, nikadhani analia. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka fundi magodoro akagonga dari kwa ufagio kuuliza kuna nini. "Tumemupa marehemu bunduki ya muuaji," akasema, na akaanza upya. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona Diepsloot. Alipotulia, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa kuwa mdomo wake umefungwa. Sheria ya kiwandani ni sheria. Kazi ni yangu, niamue mwenyewe: tuiache, pengine bibi asijue, au tuitoe.

Nilisema tuitoe. Sikusema kwa ushujaa, nilisema kwa sababu nilijua vidole vile vitanikuta. Athumani akachora mlango wa bawaba kwenye karatasi ya kufungia vitambaa, akafuta, akachora tena, akafumba macho na kushikashika hewa ili mikono yake ikumbuke utoto. Jumamosi na Jumapili tulichonga, tukafinyanga kalibu, tukamimina. Sijapata kufanya kazi kwa raha na hofu iliyochanganyika namna ile, hofu inakusukuma na raha inakuvuta. Saba ikatoka salama. Wa nane ukatoka na tundu la hewa kubwa kwenye kitako, na shaba ilikuwa imekwisha, maduka yamefungwa, na muda wa kuyeyusha upya haukubaki. Nilitaka nipaache mahali pake patupu. Papa Kalenga, aliyejiapiza kufunga mdomo, akaufungua kwa jambo hilo moja tu: meli haitoki na jino lililong'oka. Basi kule nyuma, upande wa kushoto, ukabaki mzinga mmoja wa droo, nami nikaomba Mungu bibi aanzie mbele na achoke njiani.

Jumatatu asubuhi Bi Nora alipandishwa ngazi na dereva wake. Shangazi alikuwa amekwishafika, amekaa kwenye kigoda na buibui lake jipya, maana alisema kama ni kuiaga kazi hiyo ataiaga nami mwenyewe na tutaondoka pamoja. Hakuwa mkali. Alikuwa ameniletea hata viatu vya kusimamia dukani. Nikamshika Bi Nora mkono nikauweka kwenye pua ya meli.

Alianza polepole. Vidole vilipita kwenye nanga, vikapanda mlingoti, vikazunguka dohani moja, ya pili, vikaingia katika kila mashua na kuhesabu viti vya wapiga makasia. Nilimfungulia kipande cha sitaha tulichokiacha bila gundi, nikamwongoza ndani, akaugusa ule mgongo wa kobe, akausikia ulivyobinuka. Nikamwambia chini ya hapo ndipo palipokuwa na boila za baba yake. Mkono wake ukakaa pale muda mrefu.

"Asubuhi ile hakuwa huko," akasema. "Boila zilikuwa zimefunguliwa kwa matengenezo, hakuwa na kazi chini. Alipanda juu kubeba makombora."

Kisha akaenda kwenye mizinga. Aliifungua milango yake, mmoja baada ya mwingine, akaisikiliza inavyolia. Ule wa mbele kulia, wa mbele kushoto, ya ubavuni. Hakuchoka. Akafika nyuma kulia. Akavuka kushoto, akatafuta mlango, akakosa, akakuta kitu kinateleza. Akakisukuma. Akakirudisha.

"Huu si kama wenziwe," akasema.

Papa Kalenga alitazama dirishani. Shangazi Kiingereza chake kilikuwa cha bei na vipimo, lakini uso wangu aliujua kuusoma, akainuka kidogo kwenye kigoda. Nikasema, na sauti yangu niliisikia ikitoka kwa mtu mwingine:

"Si wake, bibi. Ni wa meli iliyoipiga. Tulikosea tukaunda minane ya namna hiyo. Saba tumeibadilisha, huu haukuwahi."

Mkono wa Bi Nora haukuuacha ule mzinga.

"Huu ulikuwa unapiga mbali?" akauliza.

"Mbali sana kuliko wa kwenu. Ndiyo maana Mjerumani alisimama kule nje akapiga, na yenu haikumfika."

"Najua haikumfika," akasema Bi Nora. "Baba alilisema hilo maisha yake yote. Mezani, kitandani, hata hospitali siku za mwisho, hakujua tena jina langu lakini hilo alilisema. Tunapiga, yanaangukia majini. Alikuwa anawakabidhi wenzake makombora na anayaona yakianguka majini, na wenzake wanakufa mmoja mmoja." Akauzungusha ule mzinga taratibu kwenye kiti chake, mdomo ukaondoka ndani ya meli ukaelekea nje, kule ambako kungekuwa na bahari. "Msiubadilishe. Muacheni baba yangu awe na mmoja unaofika."

Akajifuta macho kwa ukingo wa kiganja, akajiweka sawa, akauliza ameipokea kazi hii kutoka kwa nani. Papa Kalenga alininyooshea kidevu, akakumbuka kuwa haonekani, akasema, "Huyu, madame. Fundi Saada."

Nilikuwa nalia kama mtoto mdogo na sikuona haya. Shangazi alinivuta mkono wa nguo, akauliza mzungu kasemaje. Nikamfasiria, neno kwa neno, hata lile la hospitali. Alilisikiliza lote. Akaitazama ile meli kwa mara ya kwanza, ninavyoamini, kutoka pua hadi mkia, akaokota mfuko wenye viatu, akaukunja mdomo wa mfuko huo.

"Basi Diepsloot nitampeleka Athumani," akasema.

Kisha akamgeukia Papa Kalenga, ambaye miezi yote hiyo alikuwa hajapata kumwambia zaidi ya salamu.

"Mzee, muangalie ale. Huyu akishika kazi huwa hali."